Pindo la Chumba Namba Kumi na Nne

Tarehe 12 Machi

Kwa Ndugu Mhasibu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi ndiye fundi niliyewatundikia mapazia kwenye nyumba yenu ya wageni mwishoni mwa Januari. Vyumba ishirini na viwili, kila dirisha mapazia mawili, kitambaa kizito cha kijani. Siku tatu nilishinda juu ya ngazi, na niliposhuka magoti yalikuwa yananisema. Meneja wenu alinishika mkono akasema nimewapendezesha, na kwamba pesa yangu nitaipata ndani ya siku thelathini.

Thelathini zimekwisha na nyingine zimeongezeka juu yake. Nimepiga simu mara saba. Binti wa mapokezi sasa anaijua sauti yangu, tumeshafika mpaka kuulizana habari za watoto, lakini wewe kila siku uko mkutanoni. Nikamwuliza, huyo mhasibu wenu anakula saa ngapi? Akacheka, akasema wewe madai unayataka kwa maandishi. Haya, maandishi ndiyo haya.

Sitakuficha hali yangu. Nina chumba cha kushonea, nimekipanga mwaka wa kumi na moja huu. Mwenye chumba tunamwita Mzee Kufuli, maana mpangaji akichelewa kodi hagombani naye, anakuja na kufuli tu. Kodi yangu inaisha mwisho wa Mei, na pesa ya kulipia inayofuata ndiyo niliyonunulia kitambaa chenu. Kwa hiyo ukiniambia "kesho", ujue unaniambia nini.

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi, maana posta ya huku ni bahati nasibu. Jibu mpe huyohuyo, hana makuu.

Wako katika kungoja,
Fundi Mapazia


Tarehe 20 Machi

Kwa Fundi wa Mapazia,

YAH: MALIPO YA MAPAZIA, VYUMBA 22

Rejea barua yako ya tarehe 12 Machi, ambayo imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada.

Napenda kukufahamisha kuwa ankara yako ipo na haijapotea. Malipo yako yanashughulikiwa. Ofisi hii hulipa kila deni pale ambapo kila jambo limekamilika kwa pande zote mbili, na ninaamini kila upande unaifahamu sehemu yake.

Unaombwa kuwa na subira.

Aidha, kwa kumbukumbu sahihi, mimi hula saa saba kamili.

Mhasibu


Tarehe 5 Aprili

Kwa Ndugu Mhasibu wa Saa Saba Kamili,

Barua yako nimemsomea Mama. Macho yake yameshachoka, ila masikio yanasikia mpaka yasiyomhusu. Nilipofika kwenye "yanashughulikiwa" akaniambia rudia hapo, alidhani nimeruka mstari wenye pesa.

Unaniambia pande zote mbili. Upande wangu umetundikwa madirishani, nenda kautazame. Wako ndio siuoni. Na hiyo subira naijua, huvuta heri, lakini Mzee Kufuli hajawahi kuipokea badala ya kodi.

Kwa sasa naishi kwa suruali. Waliokonda nawapunguzia, walionenepa nawapanulia, nao wananilipa hapohapo kabla hawajatoka mlangoni. Mtu mwenye suruali moja ananilipa papo hapo, na nyumba yenye vyumba ishirini na viwili inaniandikia "Aidha". Nieleze hilo, wewe uliyesoma hesabu.

Wala usidhani sina cha kushikilia. Ninacho changu, na kiko hapo hapo kwenu. Ni kipi, sikwambii.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Fundi Mapazia


Tarehe 16 Aprili

Kwa Fundi wa Mapazia,

YAH: MALIPO YA MAPAZIA, VYUMBA 22

Barua yako ya tarehe 5 Aprili imepokelewa. Hali ya malipo ni kama ilivyoelezwa awali.

Hapa chini naandika nje ya jalada.

Mimi naishi humuhumu ndani, chumba namba kumi na nne. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, nikaona nyumba nzima ya mtu mmoja ni mzigo, nikapanga hapa kazini. Dirisha langu linatazama mashariki. Miaka yote minne nimekuwa naamshwa na jua la usoni saa kumi na mbili. Tangu utundike mapazia nalala hadi saa moja na nusu. Nimechelewa kazini mara mbili, na ofisi yangu iko chini ya ngazi.

Nakwambia haya usije ukadhani kuna mtu hapa anaidharau kazi yako. Ni kazi nzuri. Kama kuna madogo yamebaki, hayo ni ya kibinadamu, kila mtu hukwama mahali. Siku ukiwa tayari, sisi tuko tayari.

Nirudishie salamu kwa Mama.

Mhasibu


Tarehe 2 Mei

Kwa Ndugu Mhasibu,

Pole sana kwa kuondokewa na mkeo. Hilo ni la utu, halina jalada, ndiyo maana nimeliandika la kwanza.

Sasa nagombana. "Ukiwa tayari" maana yake nini? Nimekuwa tayari tangu niko juu ya ngazi. Nilikuwa tayari Februari, nilikuwa tayari Machi. Tayari ngapi zinatakiwa huko kwenu ndipo mtu aone pesa yake? Kama ni kitu kidogo mnataka, bora uniambie waziwazi, ila na hicho sitatoa.

Mzee Kufuli alipita juzi. Alikaa, akanisifia usafi wa chumba, halafu akaishika ile pete ya kufuli mlangoni akaipima kwa vidole. Mimi nikawa naendelea kushona kama sioni. Nilishona mguu wa suruali ukafunga chini kama soksi.

Kuna muuza simu anakitaka chumba. Anapita na futi akikipima.

Unalala vizuri chini ya mapazia yangu, Ndugu Mhasibu, na mimi nakufurahia, kweli nakufurahia. Ila mimi silali.

Fundi Mapazia


Tarehe 3 Juni

Kwa Mhasibu,

Hukunijibu mwezi mzima.

Kufuli limewekwa juzi, saa mbili asubuhi. Nilimwamkia Mzee, akaitikia vizuri tu. Akafunga, akauliza hali ya Mama, akaondoka. Ndani mna cherehani zangu mbili, meza ya kukatia, nyuzi zangu zote na suruali tatu za watu. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anampa muuza simu. Nimelia. Sioni haya kukwambia. Nililia nimekaa kwenye kizingiti, maana hata kiti kimefungiwa.

Basi na mimi leo nakitoa kile changu nilichokuwa nakificha. Inuka uende kwenye dirisha lolote hapo, ulishike pazia chini. Pindo lile si pindo. Nimelipiga bandi, mishono mirefu ya uzi mweupe, ukivuta ncha moja lote linafumuka. Mama alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tano. Kitambaa kizito kikitundikwa hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo unakiacha wiki sita kitulie ndipo unakishonea pindo la mwisho. Hiyo ni sababu ya kifundi. Ya pili ni ya Mama mwenyewe: asiyelipa hashonewi pindo la mwisho. Wateja wangu wa majumbani wakiliona linaburuta sakafuni wananiita wenyewe, njoo umalize, na nikifika pesa iko mezani. Kwenu nimengoja mniite, hamkuniita.

Basi yaburute mpaka yachakae. Sindano siigusi mpaka niione pesa. Hilo ndilo neno langu la mwisho, na barua hii sikumsomea Mama.

Fundi asiye na chumba


Tarehe 7 Juni

Kwa Bi Fundi,

Kabla hujasoma, tafuta pa kukaa.

Nina karatasi hapa mbele yangu. Imeandikwa na msimamizi wetu wa majengo tarehe 9 Februari baada ya kukagua vyumba vyote ishirini na viwili. Nainukuu kama ilivyo: "Mapindo yote ni ya muda. Kazi haijakamilika. Fundi hajarudi. Asilipwe mpaka amalize." Chini kuna saini yake, na chini ya saini yake kuna yangu.

Tangu Februari wewe unangoja ulipwe ndipo umalize, na mimi nangoja umalize ndipo nikulipe. Miezi minne. Nilipofika pale kwenye bandi nilicheka peke yangu, binti wa mapokezi akaja kuchungulia kama niko salama. Halafu nikarudi kwenye mstari wa kizingiti, na sikucheka tena.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Baba yangu alikuwa fundi viatu. Siku moja mteja alimwambia mbele ya watu kwamba kazi yake haijaisha na ni ya ovyo, na Baba akakusanya vifaa vyake akarudi nyumbani mchana kweupe. Nilikuwa na miaka tisa, nikasema mimi sitamfanyia mtu hivyo. Kwako nilidhani umeishiwa uzi, au nauli, au una mgonjwa nyumbani na hutaki kusema. Nikaona nikusitiri. Nikawa nakuandikia "pande zote mbili", nikawa nakuandikia "madogo", nikidhani unanielewa na unaona aibu. Barua yako ya Mei niliijibu mara mbili na nikazichana zote mbili. Nisamehe. Adabu yangu imekufungia chumba.

Sasa sikiliza. Siwezi kukulipa kabla ya pindo. Miaka thelathini na moja sijavunja utaratibu, na nikiuvunja leo kesho nitaambiwa niuvunje kwa ajili ya mtu mwingine asiye mwaminifu. Lakini nimeshaiandaa hati yote. Msimamizi nimemshika, hasafiri mwezi huu. Siku atakayosaini ndiyo siku nitakayopeleka hundi benki kwa miguu yangu. Chumba cha kulala utapewa, namba sita, na hakitaingia kwenye ankara yako.

Jambo la mwisho. Chumba namba kumi na nne usikihangaikie. Siku mbili hizi saa saba sikula. Niliazima sindano mapokezi nikashona mapindo yote mawili mwenyewe. Uzi uliokuwepo ulikuwa mweusi. La kushoto limepinda kidogo. La kulia limepinda.

Mhasibu


Tarehe 11 Juni

Kwa Mhasibu, mwana wa fundi viatu,

Nilikaa kama ulivyosema, na ikabidi nikae tena. Safari hii nilimsomea Mama yote, na ile yangu ya kufuli nayo, maana haikuwa na maana kuificha tena. Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akanifokea. "Mficha uchi hazai," akasema, "na nyinyi mmefichana wote wawili, mlitaka mzae nini?" Nikamwambia, Mama, si wewe uliyenifundisha? Akasema alinifundisha kulishikilia pindo, hakunifundisha kufunga mdomo. Yeye enzi zake akiishatundika alikuwa anamwambia mteja usoni: hili bado, na unajua kwa nini. Miaka thelathini na tano nimeifuata nusu ya somo.

Nakuomba radhi kwa yale ya kitu kidogo. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina breki.

Sasa, uzi wangu wa kijani uko chini ya kufuli. Nilikwenda kumwomba Mzee anifungulie dakika mbili, akasema sheria ni sheria. Ukimkuta mtapatana sana. Nimerudi nyumbani nimejiinamia, Mama akavuta kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mna mabaki ya nyuzi zangu za miaka kumi na moja. Kila nikiweka kigurudumu cha uzi kando, kumbe anaokota. Uzi wa kijani chenu upo, tena wa kutosha, amekuwa akinibania huyu bibi muda wote huo nami najiuliza kwa nini uzi unakwisha haraka.

Nauli sina. Dereva anayetubebea barua amenikopesha kiti cha nyuma. Kwa hiyo ujue kuwa na mimi sasa nadaiwa, na mdai wangu naonana naye kila siku.

Nafika tarehe 14 jioni. Mapazia arobaini na mawili kwa mkono, nipe siku mbili kamili. Ya namba kumi na nne nitaanza kwa kuyafumua, usijisikie vibaya. Uzi mweusi kwenye kijani, jamani.

Fundi Mapazia


Tarehe 18 Juni

Kwa Bi Fundi,

YAH: MALIPO YA MAPAZIA, VYUMBA 22

Napenda kukufahamisha kuwa msimamizi alisaini jana saa nne asubuhi, ulipokuwa unakimbilia basi. Hundi imefika benki saa tano na robo. Pesa itakuwa kwenye akaunti yako kesho asubuhi. Ofisi inaomba radhi kwa ucheleweshaji.

Nje ya jalada.

Meneja anataka mapazia ya ukumbi, madirisha tisa. Nimemwambia fundi huyu hulipwa nusu kabla ya kukata kitambaa na nusu iliyobaki siku ya pindo. Nimemwandikia hivyo, amesaini, na nakala naiambatisha hapa. Nimeandika pia maana ya bandi, ili msimamizi asije akatuua.

Wapishi wanauliza utarudi lini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba chakula cha saa saba kinaweza kuliwa hadi saa nane na nusu, na mtu akawa bado anaongea. Siku mbili zimepita upesi.

Lakini kuna hoja ya ukaguzi. Leo nimeamka nikatazama chini ya dirisha langu. Mapindo ya chumba namba kumi na nne bado ni yangu. Uliahidi kwa maandishi, tarehe 11 Juni, kwamba utayafumua. Naomba maelezo.

Mhasibu


Tarehe 19 Juni

Kwa Mhasibu,

Pesa imeingia. Nimekwenda benki mlango haujafunguliwa, tumefunguliwa pamoja, mimi na mlinzi.

Kutoka hapo kwa Mzee. Alihesabu mara mbili, akatoa kufuli, akaniuliza hali ya Mama kama kawaida yake. Nikaingia. Kulikuwa na harufu ya vumbi na ya mafuta ya cherehani, na zile suruali tatu zimekunjwa vilevile. Nilikaa kwenye kiti changu nisifanye kitu chochote, nimekaa tu. Nikaijaribu cherehani kwenye kitambaa kitupu, ikakubali. Halafu nikaanza suruali. Yule wa kwanza amekonda zaidi kwa kuningoja.

Dereva nimemlipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Alikuwa hajaniuliza, na hiyo ndiyo sababu nilimtafuta wa kwanza baada ya Mzee.

Haya, maelezo. Niliingia namba kumi na nne na mkasi mkononi, siku ya kwanza, wewe uko ofisini. Nilipiga magoti, nikalishika la kulia. Jamani, limepinda. Mishono mingine mikubwa kama ya gunia, mingine midogo umeirudia mara tatu mahali pamoja. Nikatafuta fundo nilikate nikakuta umepiga mafundo manne. Mtu aliyeacha chakula siku mbili akapiga mafundo manne, mimi nani nimfumue? Miaka yote hii nimeshona mapazia ya watu, hakuna mteja aliyewahi kunishonea hata kishikizo. Nimeyaacha. Ulisikia msimamizi alivyouliza kwa nini ya chumba hicho yana uzi mweusi. Nikamwambia ya humo ni ya fundi msaidizi.

Na fundi msaidizi kwangu halali na deni. Kwenye bahasha hii mna ujira wa mapindo mawili, kwa bei ileile niliyowatoza ninyi, sikupunguza kwa ajili ya kupinda. Nimepata pesa leo asubuhi na leo hii nakulipa. Mambo ya siku thelathini mimi siyajui. Mama ameniambia nisikuachie hivihivi, kwa hiyo mna na risiti. Isaini umrudishie dereva.

Ya ukumbi nakuja kupima Jumatatu ijayo. Nitafika kabla ya saa saba.

Fundi Mapazia


Tarehe 21 Juni

RISITI

Nimepokea kutoka kwa Fundi Mapazia ujira wa mapindo mawili, chumba namba kumi na nne. Umelipwa wote, bila kudaiwa.

Ni malipo yangu ya kwanza kwa kazi ya mikono, nami nina miaka hamsini na nane. Noti nimeziweka ndani ya kitabu, sidhani kama nitazitumia.

Kazi imekamilika kwa pande zote mbili.

(Saini)
Mhasibu, na Fundi Msaidizi